Shimo Lililobaki Wazi

Jumamosi, 3 Agosti

Mashine ya kutafutia vyuma ardhini imefika! Imetoka Tanga kwa basi, ikalala Kasulu siku mbili kwa uzembe wa mtu wa vifurushi, ikaingia Kibondo leo mchana. Nimeileta mwenyewe kijijini huku Kitahana kwa bodaboda, nimeikumbatia kama mgonjwa. Binamu yangu aliitumia ufukweni kutafuta pete za watalii, sasa ana boti. Mimi nina miaka minane ya uafisa ugani, nawaelekeza watu nafasi ya mahindi, na mdogo wangu ananiuliza kwenye simu kama nimepata japo kiwanja. Basi nitarudi Tanga na rupia za Mjerumani, tuone nani atamuuliza nani.

Maana rupia zipo. Kinyozi wangu wa Kibondo anajua kila kitu: Wajerumani walipokimbia walifika mto Malagarasi, masanduku yakawashinda, wakayafukia mchangani. Mchanga! Mimi ni mtoto wa pwani.

Nimeijaribu uani. Ina vitufe vitatu vya kuzungusha: ukali, mchujo, udongo. Pembeni kuna swichi ya kuchagua SHAMBA au UFUKWE. Nikaweka UFUKWE, kwa heshima ya nyumbani. Ikapiga kelele uani kote, hata juu ya kuku. Mwenye nyumba wangu, mzee Venanti Nduwayezu, akacheka mpaka kifua kikamkamata. Kifua chake kibovu tangu Mei. Mkewe, Mama Josepha, akamrudisha ndani kwa mkono.

Hapo ndipo alipopita Mwalimu Cleophas, anayefundisha fizikia, mzaliwa wa Titye, mtu ambaye bahari ameiona kwenye kalenda. Akatoa mhadhara bila kuombwa. Udongo wa huku una chuma, nipunguze ukali. Halafu nishike ile sahani ya chini, niipandishe na kuishusha juu ya ardhi safi huku nazungusha kitufe cha udongo, mpaka mashine inyamaze. Nikamshukuru kwa ubaridi. Mimi, kufundishwa ufukwe na mtu wa Titye!

Jumapili, 4 Agosti

Watu wote kanisani. Nimeshuka mtoni peke yangu. Maji yamepungua, mchanga umejitokeza mpana, mweupe, bila unyayo wa mtu wala mbuzi. Ukungu ulikaa hadi saa nne. Nilikuwa nasikia kwaya ikishuka bondeni, kisha nikawa siisikii, na mto pia nikawa siusikii. Nikakohoa ili nijue kama nimeziba masikio. Sijaziba.

Swichi UFUKWE, ukali mwisho kabisa. Mashine ililia kila hatua. Mahali ilipolia zaidi nikachimba, nikapanua, nikachimba tena, hadi shimo likanifika kiunoni na urefu wake ukanipita. Nikapata kijiko cha bati. Kimoja! Nimeliacha shimo wazi liwe alama yangu.

Jioni Mama Josepha aliona mchanga kwenye suruali, akauliza kama nimelifukia. Nikasema hapana. Akaweka ungo chini. Akasema shimo la urefu wa mtu halilali wazi. Likilala tupu linaanza kumtafuta mwenyewe, na ndani ya nyumba hii kuna mtu anayekohoa. Nikamwambia hilo ni shimo la kijiko. Hakucheka. Mama wa watu mzuri, lakini hana utani kabisa.

Jumatatu, 5 Agosti

Shimo halipo! Halikufukiwa hivi hivi. Limesawazishwa, likafagiliwa, mchanga umelala kama shuka la hospitali. Nyayo ni zangu tu, za kwenda na kurudi jana. Nilisimama pale na mwili ukanisisimka. Ukungu ulikuwa bado, na ng'ambo, upande wa Burundi, sikuona hata moshi.

Kisha akili ikarudi. Cleophas! Amekuja, amechukua, amefukia, amefuta nyayo. Nani mwingine angefanya kazi kwa unadhifu wa maabara namna hiyo?

Nimechimba mashimo manne kumchanganya, yote marefu, yote nimeyaacha wazi. Mavuno: vizibo viwili vya soda, kipande cha waya, nusu ya mkasi. Ofisini nimesema natembelea mashamba darasa.

Mzee Venanti aliketi barazani amejifunga blanketi. Akauliza leo mangapi. Nikamwambia manne, kwa fahari. Akauliza yako wapi hasa, na yana kina gani. Nikamwonyesha kwa kiuno changu. Akashusha pumzi ndefu. Mtu wa umri wake, na bado anapenda sayansi!

Jumanne, 6 Agosti

Yote manne yamefukiwa. Yamefagiliwa. Nimeingia hofu, naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mtu gani anafukia mashimo manne kwa usiku mmoja na haachi unyayo?

Na watu wameanza mambo. Asubuhi mama mmoja nisiyemjua vizuri aliniletea maharage na ndizi za kupika. Akaketi kwenye mkeka, akakaa kimya robo saa nzima, akaniambia "Ihangane," neno lao la kupeana pole, akaondoka. Kabla ya saa sita wamekuja watatu zaidi. Wote kimya. Mmoja aliniangalia mabega, halafu miguu, kama fundi anayekadiria mbao. Nimeelewa: habari za utajiri wangu zimevuja, wanajiweka karibu mapema.

Muuguzi Rabia wa zahanati alikuja kumchoma mzee sindano. Kifua kimezidi sana. Alifoka: nani anamwacha mgonjwa huyu atoke kwenye umande? Suruali yake imelowa hadi magotini, kitandani kuna mchanga! Akasema mapafu yale yakipigwa na baridi siku mbili tatu zaidi, asiitwe yeye, aitwe padri. Mama Josepha akatazama ukuta. Nikamweleza Rabia kwamba wazee huzurura, ni kawaida. Akanitazama vibaya. Mwanamke wa Singida huyu, hana subira.

Alasiri nikaenda kuchimba matatu mengine.

Jumatano, 7 Agosti

Naandika mlango nimeufunga kwa komeo.

Nilijificha kwenye matete kabla ya mapambazuko, nimshike Cleophas. Ukungu mzito, naona hatua kumi tu. Kukapambazuka taratibu. Kwanza nikasikia pumzi. Pumzi mbaya, ya kukwaruza, inakuja, inasimama, inakuja. Kisha akatokea mtu ameinama, amejifunika kichwa, na begani amebeba maiti.

Maiti! Fupi, imefungwa kitenge, imenyooka. Akailaza karibu na shimo langu kwa upole sana, akaishika upande wa kichwani kama mtu anayemweka mtoto usingizini. Akasema nayo maneno machache. Akaishusha shimoni. Akaanza kusukuma mchanga kwa viganja, na kila mara anapumzika akitafuta hewa.

Sikungoja shimo la pili. Nimekimbia na kandambili moja. Mashine nimeikokota, imelia njia nzima hadi kijijini.

Cleophas anaua watu na kuwazika kwenye mashimo yangu. Halafu nani atakamatwa? Mchimbaji!

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu ya wakulima na mimi afisa wao nimejitangaza mgonjwa. Saa sita kamili, jua la utosi, nikashuka na jembe kutafuta ushahidi. Mchana ulikuwa mtupu kuliko ukungu. Nikafukua shimo la mwisho. Nikafikia kitenge. Nikasoma dua zote ninazozijua na mbili ambazo sina hakika nazo. Nikafungua upande wa kichwani.

Mgomba. Shina la mgomba lililokatwa vizuri, urefu wa mtoto wa miaka kumi, limefungwa sanda ya kitenge. Na kitenge nakijua, kimeanikwa uani kwetu mwaka mzima.

Cleophas ameiba hadi nguo za Mama Josepha ili aniroge! Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Pasikali, nikamshitaki mwalimu kwa uchawi. Pasikali akaja nyumbani, Cleophas akaitwa, watu wakajaa uani. Nilizungumza vizuri sana. Nilikuwa nimefika kwenye neno "wauaji wa kisayansi" mlango ulipofunguliwa na mzee Venanti akatoka ameshika ukuta.

Akasema ni yeye.

Akaeleza polepole, anakata maneno kutafuta hewa. Mwaka sabini na mbili alikuwa na miaka kumi, wanavuka kutoka Burundi wakikimbia mauaji. Katikati ya mto maji yakamchukua kaka yake, Ndayisaba. Upande huu wa mto baba yao akachimba kaburi, akiamini maji yatamrudisha mtoto kabla ya jua kuzama. Hayakumrudisha. Kaburi likakaa wazi siku tatu. Siku ya nne likampata mama yao, ambaye hakuwa akiumwa hata kichwa. Tangu hapo yeye hapiti shimo la urefu wa mtu bila kulipa kitu. Analaza mgomba, anaufunga kama binadamu, shimo linaridhika. Mashimo yangu manane ameyafunga yote, anafuta nyayo kwa jani la mgomba ili nisione haya. Vitenge vya mkewe vimekwisha, amebakiwa na cha kanisani.

Akaketi chini palepale. Pasikali akauliza, na lile alilofukua Bwana Hamis leo?

Watu wote wakanigeukia. Nikasema kwamba kwa kweli nilikuwa na haraka.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeona aibu. Naandika hivyo wazi: nimeona aibu. Alfajiri mzee amebebwa kwa machela hadi zahanati. Cleophas alishika mbele, mimi nyuma.

Mzee alinishika mkono. Akasema hawezi tena kushuka mtoni. Amebakiza shimo moja wazi na linamjua jina. Akaniomba nikalifunge mimi, leo. Nikaapa. Machozi yalinitoka, ya kweli.

Mama Josepha akakata mgomba mwenyewe, akaufunga kwa kitenge chake cha kanisani, cha bluu, akanipandishia begani. Ni mzito kuliko unavyoonekana. Nikabeba na mashine pia, kwa kuwa njia ni ile ile.

Mtoni hakuna mtu. Nikaona kabla ya kulifunga nijaribu tu yale maneno ya Cleophas, kwa ajili ya maarifa. Swichi SHAMBA. Ukali nusu. Nikapandisha sahani na kuishusha, nikazungusha kitufe cha udongo kidogo kidogo. Ikanyamaza! Kwa mara ya kwanza ikanung'unika kwa adabu, mmm, mmm, mchanga wote sawasawa. Isipokuwa ndani ya shimo. Mle haikunung'unika kabisa. Kimya cha urefu wa mtu na upana wa mtu. Nikiitoa sahani nje, mmm. Nikiirudisha, hakuna kitu, hata ule mvumo wa betri.

Nimetafuta kwenye kijitabu, hawakueleza. Lakini nimefikiri: chuma kidogo hulia. Mzigo mkubwa wa fedha bila shaka humeza sauti yote. Hili ndilo sanduku! Nitalifukiaje sanduku?

Nimechimba hadi jua linainama, nikaongeza futi moja. Swala ya Ijumaa imenipita. Kisha nikakimbilia zahanati. Mzee hakuweza kusema, aliuliza kwa macho tu. Mama Josepha naye akaniangalia.

Nikasema ndiyo, nimelifunga. Mzee akafumba macho, kifua kikatulia, akalala. Kesho nitalifunga kweli. Au keshokutwa.

Jumapili, 11 Agosti

Mzee amepona! Au karibu. Ameketi, amekunywa uji bakuli zima, ameuliza habari za mbuzi. Rabia haamini mapafu yake yalivyo. Mama Josepha alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu anikumbuke. Alikuwa anakwenda kanisani na gauni la shambani.

Nimetembea kwenda mtoni nikiwa mwepesi moyoni. Maana sasa imethibitika: shimo liko wazi siku ya tatu, tena refu zaidi, na mgonjwa anakunywa uji. Mashimo hayamtafuti mtu. Laiti mzee angejua alivyojitesa bure.

Shimo sasa linanifika shingoni. Ili kusoma mashine vizuri pale chini ilibidi nilale chali, sahani kifuani, nisikilize. Nikauweka ule mgomba chini ya kichwa, kitenge kile ni laini. Shimo limenitosha sawasawa, kisigino hadi utosi, ingawa sikumbuki kulichimba refu hivyo. Kuna baridi ya raha. Mashine kimya, mto kimya. Miaka minane sijapata usingizi kama ule.

Nilipoamka jua lilikuwa limevuka, na mchanga ulikuwa umenifunika hadi kiunoni. Umesawazishwa vizuri, umelainishwa, juu yake alama za viganja. Viganja vidogo. Nimekipima kimoja na cha kwangu, hakifiki nusu.

Ni upepo. Upepo wa Agosti huchora vitu vya ajabu mchangani, sisi wa pwani tunaujua. Ilinichukua muda kuitoa miguu. Kesho nashuka alfajiri kabla ya mtu yeyote. Ukali naupandisha hadi tisa, na nitachukua blanketi.