Nilivyomzulia Mamba Kifo

Leo nimeumbuka, wenzangu. Nawaandikia nyinyi niliosoma nanyi chuo cha ualimu kwa sababu hapa sina wa kumwambia.

Huu mwaka wa tatu tangu tutoke Unguja, na mwaka wa tatu nashona kofia hapa Matrah, Omani. Skuli ya wasichana hakuna. Cheti changu kilibaki huko pamoja na kabati lake. Basi jana nikaitwa na Bi Zuwena, mke wa tajiri mmoja, naye mzaliwa wa Unguja. Anataka mwalimu wa kuwasomesha binti zake watatu nyumbani. Nije leo, anione ninavyofundisha. Nilichoomba kwa Mungu ni kimoja tu: nisirudi tena kwenye sindano.

Nikafika asubuhi. Baridi ya Januari, upepo unashuka milimani. (Nilivaa soksi za mume wangu chini ya buibui.) Nikakuta wasichana wanalia. Baba yao alizawadiwa na nahodha wa meli mtoto wa mamba wa Amerika, urefu wa mkono mmoja, wakamfuga katika birika, lile hodhi la maji uani. Leo hajitikisi.

"Mwalimu, hebu mtizame," akasema Bi Zuwena. "Kafa huyu?"

Nikamgusa. Wa baridi, mgumu. Nikambonyeza tumbo. Kimya.

"Amekufa," nikasema kwa sauti ya darasani. "Lakini msilie, tutajifunza kwake. Nipeni sinia na kisu."

Nikamlaza juani, nikaanza. Jamani, nilifundisha. Nikawaonyesha pua yake pana, si kama ya mamba wetu wa Afrika. Nikawaeleza kwamba kwao ni kwenye mito na vinamasi vya maji matamu, na kwamba joto la kiota ndilo linaloamua atoke dume au jike. Nikasema baridi ikizidi hujichimbia shimo ukingoni, akalala humo siku nyingi bila kula, moyo ukipiga polepole sana. (Naam. Niliyasema haya mimi, kisu mkononi.) Bi Zuwena aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikajiona kazi nimeshaipata.

"Sasa tutampasua tuuone moyo," nikasema. "Una vyumba vinne."

Jicho likafumbuka.

Kisu sijui kilikwenda wapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa juu ya kinu, mamba ananing'inia kwenye pindo la buibui, na soksi za mume wangu zinaonekana na nyumba nzima.

Binti mdogo, wa miaka saba, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, si umesema akipata baridi hulala tu?"

Mama yake akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Akaniteremsha kwa mkono wake, akanipa kahawa. "Nenda kapumzike, mwalimu. Ntakuletea khabari."

Khabari za namna hiyo nazijua. Nimerudi nyumbani, nimelia, kisha nimetunga uzi kwenye sindano.

Mkicheka, chekeni kidogo. Somo lenyewe lilieleweka na kila mtu, isipokuwa mwalimu.