Fulana ya Barafu

Jumatatu, 6 Mei
Nafasi imebaki moja. Kocha ametangaza mwenyewe leo: mashindano ya baiskeli za magurudumu matatu, kwa sisi wenye ugonjwa wa MS, mtu mmoja tu kutoka ukumbi wetu. Tumebaki wawili, mimi na Fundi Saa. Mchujo Ijumaa: dakika ishirini kwenye baiskeli ya mazoezi, atakayefika mbali ndiye. Miaka sita ugonjwa huu unanitafuna neva. Umeninyang'anya ngazi. Siku nyingine hata kalamu. Nafasi hii hauipati!

Jumatano, 8 Mei
Fundi Saa kaja na fulana ya mifuko ya barafu. Nikashtaki: hila! Kocha akasema joto likipanda neva zetu hugoma, fulana ni halali, nami nishonewe. Fundi Saa akaniita Mzee wa Gia Moja. Ukumbi mzima kicheko! Nyumbani mke wangu akajitolea kushona. Nikamwambia sivai friji. Akasema haya, mume wangu, sikio la kufa halisikii dawa.

Alhamisi, 9 Mei
Nimepata! Barafu huyeyuka. Kesho nawahi, nafunga madirisha yote, feni naificha stoo. Tuone.

Ijumaa, 10 Mei
Ukumbi tanuri. Kocha akauliza feni iko wapi. Nikasema labda imepelekwa kutengenezwa. Tukaanza. Dakika ya tano, naongoza. Ya nane, Fundi Saa anatweta, maji yanamchuruzika hadi sakafuni. Safi! Ya kumi na moja, mguu wangu wa kushoto ukaacha kunijibu. Macho yakaingia ukungu. Ndipo nikakumbuka: ugonjwa wetu ni mmoja! Nikaporomoka kitini. Kwenye kipimo, Fundi Saa alikuwa amenipita mita mia mbili. Akaacha kukanyaga, akaja ameshika ukuta, akavua fulana, akanivisha. Akasema nitulie, gia moja haipandi mlima.

Jumamosi, 11 Mei
Mguu umerudi. Kocha kapiga simu: hakuna aliyemaliza, marudio Jumanne saa tatu asubuhi. Feni ameiona stoo, ataichunga mwenyewe. Mke wangu anasema nikamshukuru Fundi Saa, nimrudishie na fulana yake. Muungwana yule! Fulana imo kwenye friji, nyuma ya maziwa. Nimeipima tena. Inanikaa. Nitamrudishia, lazima. Jumanne, saa tatu na nusu.