Mvinyo wa Ndizi na Siku Mbili za Cansilde

Jumatano, 6 Septemba

Nimeapa. Nimeshika Biblia kwa mkono wa kuume, mbele ya bibi yangu Cansilde, kwamba Jumamosi na Jumapili hii sitafanya biashara yoyote. Siku mbili. Yeye na mimi tu. Ameniomba kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa. Anasema tuna miaka kumi na miwili ya ndoa, na hatujawahi kutembea pamoja bila mpango wangu kuwa umejificha chini ya kiti. Akanikumbusha Kibuye, alikokwenda kupumzika akarudi na vifaranga mia mbili mapajani. Nikamwambia vifaranga wale walikuwa wazima. Akakubali kwamba walikuwa wazima, tena waliimba kutoka Kibuye mpaka hapa Gisenyi.

Akaongeza neno moja, na hilo sikulipenda. Ikiwa wikiendi hii nayo ni uongo, hataniomba tena kutembea naye. Hatakasirika. Ataacha tu kuomba.

Shida ni hii. Jana tuliangalia kwenye simu yake video ya bwana na bibi huko Ufaransa. Vilima, mizabibu, glasi ndefu, jibini. Wanaonja mvinyo huu, wanaonja ule, wanachekeana. Cansilde akashusha pumzi. Mimi nikaona mambo mawili kwa mara moja. La kwanza, bibi yangu anastahili vile. La pili, vilima si tunavyo? Ziwa Kivu tunalo. Zabibu hatuna, lakini pombe ya ndizi wamama wanaitengeneza kila kilima, na sijasikia mtu hata mmoja aliyepanga kuwazungusha wageni waionje. Njia ya Mvinyo wa Kivu. Jina limekuja lenyewe nikipiga mswaki.

Bon. Sitafanya biashara. Nitachunguza tu. Kuchunguza si biashara, hata Biblia haikusema.

Ijumaa, 8 Septemba

Mimi ni deklaran hapa mpakani, yaani ninajaza karatasi za magari ya mizigo yanayokwenda Goma. Leo nimejaza tatu vibaya. Mawazo.

Kila safari mpya inahitaji mteja wa majaribio. Donc, nani ana ulimi mkali kumshinda Cansilde? Supu ya harusi ya dada yake mwenyewe aliirudisha jikoni. Akipenda yeye, Kigali nzima itapenda. Ila asijue. Nimechukua daftari dogo, nimeliingiza ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo za kanisa. Nitaandika nikiwa chooni.

Jirani yangu Habimana ameuliza tunakwenda wapi. Huyu ndiye aliyempeleka bibi yake Olivia Musanze mwezi uliopita, halafu akaweka picha arobaini na moja kwenye status. Nikamjibu: Rubona. Akacheka mpaka akashika uzio. Akasema Rubona yeye anakwendaga kununua samaki kabla ya chai. Ni kweli, ni kilomita saba. Nikamwambia umbali uko moyoni. Nikaingia ndani nikaanza kuumwa na umbali.

Nimepata dawa. Tutakwenda kwa mashua. Kwa gari ni robo saa, lakini majini, polepole, mtu anajisikia ameaga kwao.

Halafu nimesoma namna mabingwa wanavyoonja mvinyo. Unatikisa glasi. Unanusa. Unaingiza kinywani, unazungusha, unatema kwenye ndoo. Kutema ndiko alama ya bingwa. Asiyetema ni mlevi tu. Nimefanya mazoezi na chai, na Cansilde akauliza kama imeingia nzi.

Jumamosi, 9 Septemba, mchana

Tumefika Rubona. Mwenye mashua aliomba radhi kwamba injini yake ni dhaifu. Nikamwambia ndiyo ninayoitaka.

Cansilde amevaa kitenge cha bluu. Katikati ya ziwa akaanza kunionyesha: lile paa la kanisa letu, lile paa la nyumba yetu, na yale ni mashuka yetu, yameanguka kutoka kwenye kamba. Akataka turudi kuyaokota. Nikamjibu kwamba sisi sasa tuko ugenini, mashuka yana wenyewe. Akacheka kwa sauti. Nikafungua kitabu cha nyimbo haraka niandike. Yeye akafurahi kwamba nimemkumbuka Mungu, akaanza kuimba. Ikabidi niimbe pia, aya zote tano, huku kalamu inakwenda.

Auberge yetu, nyumba ya wageni, iko juu ya bandari. Harufu ya shayiri inatoka kiwanda cha bia, wavuvi wanakausha nyavu. Tumekula sambaza wa kukaanga na ndimu na pilipili, wale samaki wadogo wanaovunjika kwenye meno. Nimekwenda chooni mara tatu kuandika. Mara ya nne Cansilde akanizuia mlangoni. Anadhani tumbo linaniendesha. Akaniagizia maji, akatia chumvi na sukari kwa mkono wake, akanishika mkono mpaka nikamaliza glasi. Hayupo mwanamke kama huyu. Nimejisikia vibaya kidogo, halafu nikarudi chooni kuandika hilo nalo.

Jumamosi, 9 Septemba, jioni

Nimeharibu. Niandike taratibu, maana mistari inatembea.

Saa kumi tulipanda kilima kwa Mama Xavérine. Ni mjane, na pombe yake inajulikana mpaka bandarini. Nilikuwa nimempigia simu Alhamisi, nikamwomba aina tatu: ya siku mbili, ya wiki, na ya asali. Uani kulikuwa na majirani kama kumi, wale wa kila Jumamosi, na muzee Hitimana, shemeji yake, kwenye kiti cha heshima. Tukakaribishwa vizuri. Mama Xavérine akachota kwa kibuyu, akafanya anavyofanya kila mwenye nyumba wa huku: akaonja yeye kwanza, mbele ya macho yetu, ndipo akanipa.

Maana ya kuonja kule kila mtu kutoka hapa mpaka Goma anaijua. Mwenyeji anasema: humu hamna sumu, mimi ndiye wa kwanza. Mimi mwenyewe nimekunywa nyuma ya kuonja kule tangu nilipoota ndevu. Lakini leo nilikuwa bingwa. Nikatikisa kibuyu. Nikanusa. Nikajaza kinywa, nikazungusha kushoto na kulia. Nikatema kwenye ndoo iliyokuwa kando yangu.

Watu wote wakaacha kunywa. Nilidhani ni heshima. Nikainama kidogo, nikakimbilia chooni kuandika.

Niliporudi ua mzima umesimama. Muzee Hitimana alikuwa amemwuliza Cansilde kama mimi ni mgonjwa, na bibi yangu, kwa kuwa hajui kudanganya, akajibu kwamba ni tumbo tu. Neno tumbo likatosha, wote wakawaza sumu. Mama mmoja alikuwa tayari anakuja mbio na maziwa. Mama Xavérine amekaa chini, mikono kichwani. Hakupiga kelele. Akasema tu kwamba ametengeneza pombe miaka ishirini na miwili, amewalea watoto wanne kwa pombe hiyo, na kwamba habari ya mgeni aliyetema na kukimbia itafika bandarini kabla yangu. Jumatatu hakuna atakayekaa uani kwake. Mjane akishaitwa mtu wa sumu, haitwi tena vingine.

Nikajaribu kurekebisha. Nikasema nina vidonda vya tumbo. Wakaninywesha maziwa. Nikasema Wazungu huwa wanatema. Muzee Hitimana akauliza kama mimi ni Mzungu. Nikasema pombe ilikuwa nzuri sana. Akauliza basi kwa nini nimeitupa. Swali hilo nimelitafutia jibu kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na halipo.

Hapo Cansilde akainuka. Akachukua kibuyu kilekile nilichokiacha, akakinywa chote bila kupumua. Akajipangusa mdomo, akawaambia watu: mi nimekunywa yote, muniangalie. Halafu akanigeukia mimi.

"Evode, unafanyaka nini mu choo?"

Uongo nilikuwa nao. Nilikuwa nao hata wa aina mbili, zote nzuri. Na nilijua kwamba nikisema kweli, Cansilde hataniomba tena kutembea, atakaa nyumbani kwa amani yake mpaka tuzeeke. Lakini Mama Xavérine alikuwa bado ameshika kichwa. Nikatoa kitabu cha nyimbo.

Muzee Hitimana akataka kisomwe kwa sauti, ili kila mtu ajue ni upumbavu, si sumu. Cansilde akasoma. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Alianza na sauti ya hasira: Njia ya Mvinyo wa Kivu, jaribio la kwanza, mteja ni bibi. Watu wakaguna. Akaendelea. Mashua: C. amecheka kwa sababu ya mashuka, amecheka mpaka akashika mbavu. Kitenge cha bluu, avae tena. Sambaza: C. amekula vichwa, akanilisha mmoja. Baada ya chakula: C. amesinzia kitini, mdomo wazi, asiamshwe. Chumvi na sukari: amenishika mkono. Kwa Xavérine: C. anaangalia ziwa na amefurahi, sijui amefurahia nini, lazima nijue.

Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. Muzee Hitimana akasubiri, akauliza kama hakuna kingine. Hapakuwa na kingine. Akatoa hukumu kwamba mtu huyu hana sumu wala hajui biashara, kwa sababu amekuja kupima pombe na hakuandika neno hata moja juu ya pombe. Nikashtuka. Ni kweli.

Basi nikahukumiwa ilivyo desturi: nikae karibu na Mama Xavérine, tunywe naye chungu kimoja kwa mirija, mbele ya wote, mpaka kiishe. Kikaisha. Ile ya asali ina nguvu. Mama Xavérine akacheka mwishoni, akachukua lile daftari la chooni akawashia moto. Majirani wakaketi tena kwenye mabenchi yao na kuomba waongezewe.

Nikashuka kilima na Cansilde. Kufika kona ya pili akanishika mkono kwapani. Sijui ni kwa upendo ao ni kwa sababu nilikuwa ninaelekea mtaroni. Sikuuliza.

Jumapili, 10 Septemba

Kichwa. Naandika haraka, Cansilde anaoga.

Asubuhi ameniambia kwamba ataniomba tena. Mara moja. Amesema mwanamume anayeandika kwamba bibi yake asiamshwe hawezi kuwa mbaya kabisa. Nikataka kulia, lakini kichwa kiliuma, nikaahirisha.

Baada ya misa hatukufanya lolote. Tulikaa kwenye ile chemchemi ya maji moto pembeni ya ziwa, miguu ndani, kama wazee. Akanisimulia utoto wake huko Masisi, walivyokuwa wanaiba jibini la baba yake na kusingizia paka. Miaka kumi na miwili sikuijua habari hiyo. Sikuwa na kalamu, nikasikiliza tu. Ninampenda Cansilde, jamani. Halafu yeye mwenyewe akataka turudi kwa Mama Xavérine. Akaonja zote tatu, akameza, akamwambia ya wiki imezidi mtama. Mama Xavérine akaonja tena akakubali. Wakanicheka pamoja mpaka saa kumi. Nilikaa kimya, nikafurahi.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimejifunza. Nimejifunza sana.

Kosa langu lilikuwa pombe. Watu hawahitaji mvinyo. Katika miaka kumi na miwili Cansilde hajawahi kunishika mkono kwapani vile, na kwa nini juzi? Kwa sababu tuligombana, nikaungama, tukapatana. Hiyo ndiyo bidhaa! Bwana na bibi wanakuja Rubona wamenuniana, wanaondoka wameshikana. Wikiendi ya Maridhiano. Jina limekuja nikifunga kamba za viatu.

Cansilde ameomba kama alivyoahidi: mwisho wa mwezi, siku mbili, bila biashara. Nimeapa tena, mkono uleule.

Ila kuna shida moja ya kitaalamu. Jaribio halitakuwa la kweli kama mteja hana hasira ya kweli, na Cansilde tangu jana anaimba jikoni, ananiita mpenzi mbele ya watu, hata viatu vyangu amevipaka rangi. Kwa hali hii hatutapata maridhiano hata nusu. Donc, mchana nimempigia simu mama yangu huko Bugeshi. Nimemwambia kwamba Cansilde mwenyewe anamwomba aje kuishi na sisi, moja kwa moja. Mama amelia kwa furaha. Anafika Alhamisi, na mbuzi wake wote watatu.