Habari za Skolastika na Msalimiaji wa Mlango wa Benki

Njooni, enyi watu wa Kawajense na Majengo, nyie wa tumbaku na nyie wa mpunga, zimeni redio zenu mtege masikio, niwasimulie vita ambavyo hakuna serikali iliyothubutu kuviandika: jinsi Skolastika mke wa Hilari, Mshika Jembe Asiyeinua Mgongo, alivyouvuka ukumbi wa benki pale Mpanda mjini akalifikia dirisha, shida yake ikiwa bado imefungwa kinywani mwake.

Bawabu wa ngome ile aliitwa Edgar, kijana aliyeletwa kutoka jiji kubwa, mwenye tai nyekundu, beji kifuani na tabasamu lisilozimwa. Kwenye semina alifundishwa kwamba mteja ni mfalme, naye akaelewa kuwa mfalme lazima atangazwe. Basi kila aliyeingia alipigiwa shikamoo ya kutikisa vioo, akashikwa mkono, akaulizwa haja yake kwa sauti ya mnadani, hata benchi zima likajua nani anaweka, nani anatoa, na nani ameomba mkopo akanyimwa. Na uongozi wa benki, kwa hekima yake isiyopimika, ukamtunuku cheti cha mfanyakazi bora.

Msimu uliopita, malipo ya tumbaku yalipoingia, huyu Edgar alimpokea Skolastika kwa makofi. "Hongera mama! Ya tumbaku imeingia, leo tunatoa yote!" Hela ile ilikuwa ya bati. Lakini kabla mama wa watu hajafika nyumbani, uani pake palishajaa ndugu wa mume, kila mmoja na mgonjwa wake, na mbele yao shemeji yake Masunga, mdogo wake Hilari, akilia kuliko wote. Hilari, mtu mpole kupita kiasi, hakujua kukataa. Mvua zilipoanza, nyumba ilikuwa ileile ya nyasi, na watoto wakalala katikati ya masufuria ya kukingia maji. Skolastika alilia usiku ule kwa hasira, akaapa kwamba hela ya msimu ujao haitajulikana na mtu mpaka igeuke bati.

Msimu ukaja, kenchi, zile mbao za kushikia bati, zikapigwa juu ya nyumba, zikabaki tupu zikingoja. Shujaa akajitanda kanga mpaka kwenye nyusi, akaingia benki. Lo! Kwenye benchi, nani kaketi? Masunga, Bingwa wa Kukaa, asiye na akaunti wala kitambulisho, ambaye kila wakati wa malipo huja pale akidai amefuata upepo wa feni. Skolastika akaivuta kanga chini zaidi. Akataka kugeuka, lakini Edgar alishamwona, na Edgar akishakuona umekwisha.

"Shikamoo mama yangu, mama wa nguvu, malkia wa benki yetu!" akanguruma, mkono ameunyosha kama mkuki. "Karibu sana! Tukuhudumie nini leo? Tunatoa? Tunaweka? Ya tumbaku imeshaingia?"

Masunga akaacha kuchokonoa meno.

Ndipo shujaa wetu alipoikumbuka silaha ya ukoo. Kwao mtu akikuamkia huwezi kumjibu tu ukapita zako. Unamshika mkono na kumuulizia watu wake mmoja baada ya mwingine, na kwake ni aibu kubwa kuuchomoa mkono kabla hujatosheka. Na aliyeanza salamu ni nani? Akaukamata mkono wa Edgar kwa mikono yake miwili, mikono iliyozoea mpini, akanena kwa sauti iliyofika stendi:

"Marahaba, mwanangu! Marahaba sana! Wewe ni wa nani kwenu? Mama hajambo? Baba je, bado wanaishi pamoja? Mwenyewe umeoa? Hujaoa! Kwa nini, mwanangu, na mshahara unao? Au hautoshi? Hawa benki wanakupa ngapi? Chumba unalipa, ama mwenye nyumba bado anakudai?"

"Mama, tuna... kuna foleni, mama."

"Foleni itasubiri. Nakusalimia. Wanakupa ngapi?"

Na benchi, benchi lilelile alilolilea Edgar mwenyewe kwa habari za watu, likamgeukia.

"Si yuko na yule binti wa saluni kule Majengo?" akasema Masunga, kwa furaha ya mtu aliyeona chakula kipya.

"Na chumba anadaiwa," akadakia mama mmoja mwenye ndoo. "Mwenye nyumba ni dada yangu, namjua huyu."

Jasho likamtiririka Edgar mpaka kwenye tai. Tabasamu likazimika, kwa mara ya kwanza tangu apewe beji. Akainama, akanong'ona, "Mama, nakuomba. Haya mambo ni yangu binafsi."

"Aaa," akasema Skolastika, naye kwa kunong'ona. "Kumbe mambo binafsi unayajua. Basi nipeleke dirishani, mwanangu, na ufunge mdomo."

Akapelekwa. Edgar akasimama nyuma yake, kalipanua koti lake kuzuia macho ya benchi, kimya kama mlingoti. Skolastika akanong'ona kwenye tundu la kioo, Glory wa dirishani akanong'ona kumjibu, na kilichopita kati yao kikapita.

Jumapili Masunga alifika Kawajense na habari za ng'ombe mgonjwa, akakuta bati limeshapigwa misumari. Mvua ilikuwa inalipiga kwa kishindo, na chini yake watoto wamelala wakavu.

"Shemeji," akauliza, macho juu, "kwani zilikuwa ngapi?"

Skolastika akamshika mkono kwa mikono miwili. "Za huko, shemeji? Mama watoto hajambo? Na mkubwa? Na yule anayemfuata?" Akamsalimia mpaka mvua ikakatika.

Hayo ndiyo makuu yaliyotendeka Mpanda, na yaandikwe juu ya kila mlango wa benki ambako mtu hupokewa kwa tarumbeta. Mwandishi wa tarihi hii naye alikwenda kumuuliza shujaa kiasi kamili, ili vizazi vijavyo vijue. Alisalimiwa vizuri sana, akarudi nyumbani.