Juisi Safi kwa Bokilo Wangu

Jumatatu, 28 Julai 2003

Mashine imefika kutoka Aru! Ilipanda lori la chumvi, ikalala siku tatu kwenye vizuizi, lakini imefika na meno yake yote. Ni ya kukamua, ya mkono. Haidai umeme wala petroli. Unatia nanasi juu, unazungusha, juisi inatoka mdomo mmoja, makapi mdomo wa pili. Tangu mapigano ya Mei nimekuwa mtu wa blanketi na foleni ya unga. Sasa basi. Bunia nzima itamjua Katsuva.

Nina hata mgonjwa wa kuanzia. Élisée, bokilo wangu, kaka yake Adeline mke wangu, alipigwa risasi ya taya akikimbia Bambu, alikokuwa akichimba dhahabu. Wamemfunga meno kwa waya. Hasemi, hatafuni. Anaandika kwenye kibao cha shule na kunywa kwa mrija, kupitia pengo la meno mawili. Daktari wa kupasua atakuja kwa ndege tarehe 12 Agosti, siku moja tu. Muuguzi Françoise anasema Élisée afikishe kilo hamsini, la sivyo hatapigwa sindano ya usingizi, taya litaungana vibaya, na hatatafuna tena maisha yake yote. Leo ana arobaini na nane. Kilo mbili! Kwa juisi yangu huo ni mchezo. Akinenepa yeye, wodi nzima itanunua kwangu.

Alhamisi, 31 Julai

Jirani yetu Mama Kavira ana mashine ya kusaga, mixeur, na jenereta dogo la duka lake. Anasaga papai, avoka, karanga, hata majani ya lenga-lenga. Kinachotoka ni kizito, cha kijani, kama tope la barabara ya Irumu. Leo amejitolea kumsagia Élisée kila siku, bure. Nilimshukuru kwa meno tu. Bokilo wangu alishwe na nyumba ya jirani, na mimi niko hai? Hospitali haipiki. Kila mgonjwa hulishwa na watu wake, na wodi nzima huangalia sahani ya nani imetoka wapi. Ningeuficha wapi uso wangu?

Françoise naye kamuunga mkono Kavira. Eti ukisaga, tunda lote linaingia kwenye kikombe. Ukikamua, mwili wa tunda unabaki nyuma. "Papa Katsuva, iyo ya kwako ni maji na sukari. Mutu hawezi kunona na maji." Anajua nini juu ya mashine, huyu? Juisi yangu inapitisha mwanga. Unaona kidole chako upande wa pili wa glasi! Kwenye ile ya Kavira huoni hata matumaini.

Makapi nampa nguruwe wangu. Anaitwa Komanda. Wenye bunduki wakipita, anaitwa Benoît.

Jumapili, 3 Agosti

Ushindi! Adeline alipokea kikombe cha Kavira kwa siri. Mrija ukaziba. Élisée alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, hakupata kitu. Nikampa ya kwangu: ikapita bila shida. Lita mbili! Kisha akaandika kibaoni: "Niko na njala." Lita mbili, na bado anataka nyingine! Sijawahi kupata mteja wa namna hii. Nilizunguka na kile kibao kitanda kwa kitanda. Hakuna aliyenunua. Wanaona haya.

Mizani: arobaini na saba. Pole pole ndiyo mwendo.

Alasiri risasi zililia upande wa uwanja wa ndege. Wodi nzima ikaingia chini ya vitanda, nami nimekumbatia mashine. Niliogopa sana, sioni sababu ya kuficha. Élisée alibaki juu ya kitanda. Hakuwa na nguvu za kushuka.

Jumatano, 6 Agosti

Kavira hachoki. Amekata bua la jani la papai, lile lenye tundu ndani, amefanya mrija mpana. Tope lake sasa linapita. Na bua lilitoka kwenye mpapai wa uani kwangu! Nimeuvunja ule mrija, nikapanda juu na kukata majani yote. Mpapai umebaki mti mtupu, na mimi nimebaki na goti lililovimba.

Kumkomesha kabisa, nilijaribu kukamua avoka. Nilizungusha nusu saa, hakuna hata tone. Kisha ikatoka yote kwa mpigo, ukutani. Komanda akaulamba ukuta. Adeline aliniuliza: "Siye tuko na haya ao tuko na mugonjwa?" Nikamwambia tuna vyote viwili. Amelia, na tangu hapo hasemi nami. Élisée ana arobaini na tano na nusu.

Komanda angalau ananipa moyo. Kamba ya shingo nimelazimika kuilegeza mara mbili. Sijui kinachomnenepesha. Labda ni tabia yake tulivu.

Jumanne, 12 Agosti

Ndege ilishuka saa tatu asubuhi. Daktari alimpandisha Élisée kwenye mizani. Arobaini na nne. Akampandisha tena. Akasema kwa Kifaransa kwamba akimlaza leo, hataamka. Akaenda kitanda cha pili. Saa kumi ndege iliondoka. Nyingine itakuja lini, hakuna ajuaye.

Adeline alikaa sakafuni akalia bila sauti. Mimi nilikagua mizani. Ina kutu. Nilisema wazi kwamba ina kutu.

Nilimtazama Élisée. Huyu alikuwa mtu wa kupanda kilima cha Bambu na gunia la mchanga begani. Leo shati linamvaa yeye. Niliumia, kweli niliumia. Nikamwahidi juisi maradufu.

Jumapili, 17 Agosti

Msiba. Ijumaa wenye bunduki walipita nyumbani. Niliita "Benoît, Benoît," lakini unene wake ulimsaliti. Walimbeba watu wanne. Wanne! Nimelia kuliko siku ile ya ndege.

Adeline amehamia hospitali. Anamlisha kaka yake kikombe cha Kavira mbele za watu, bila kujificha. Nasikia ameongeza kilo moja. Françoise anasema imechelewa, taya limeanza kushika upande.

Leo nilikwenda kumpa Élisée habari ya msiba wangu. Nilimweleza kila kitu, mgongo mpana, mashavu, ile kamba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kibao: "Ule nguruwe alikuwa anakulaka nini?"

Nikamjibu ukweli: makapi ya juisi yako tu, bokilo, hakuna kingine.

Aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Ana moyo mwema, huyu kijana. Kumlilia hivyo nguruwe wa mtu mwingine!

Sijakata tamaa. Alphonse wa Irumu ameniahidi kitoto cha nguruwe. Mashine nimeipaka mafuta. Na kosa nimeliona sasa: juisi haikuwa safi vya kutosha. Nimechana shuka vipande viwili. Kuanzia kesho nitaichuja mara mbili.