Kinasa Kinachojua Wakati wa Kunyamaza

Alhamisi, 10 Julai 2008
Nimeua kinasa muziki changu! Au ndivyo nilivyodhani. Nilikifutia mfumo wake wa programu wa kiwandani nikakiwekea ule huria, unaotungwa na watu wa kujitolea na kugawanywa bure mtandaoni. Kioo kikawa giza dakika arobaini. Mara kikawaka na kuanza kunisomea menyu kwa sauti ya kike. Nusura nianguke! Mke wangu Greta akauliza kutoka jikoni ni mwanamke gani huyo.

Jumamosi, 12 Julai
Bustanini, Duluth. Mzee Arvid Lindahl, miaka themanini na moja, anaaga jukwaa na fidla yake. Bendi yake yaruhusu tunaorekodi tuweke maikrofoni. Rekodi bora itakuwa diski ya kumbukumbu.
Itakuwa yangu. Kinasa changu sasa kinajiwasha kikisikia sauti, kinajizima pakiwa kimya. Lorna Petrakis, mshindani wangu wa miaka yote, amekodolea macho mashine yake kama muuguzi. Mimi nikaenda kununua soseji.
“Wendell, kitu hicho umekijaribu nyumbani?”
“Bingwa hajaribu, Lorna.”

Jumapili, 13 Julai
Siamini. Siamini!
Makofi yapo. Kikohozi kipo. Mimi nikitafuna soseji nipo, nikimwambia mtu nisiyemjua kwamba mashine ya Lorna ni jokofu. Lakini wimbo wa mwisho, alioutunga Arvid kwa ajili ya marehemu mkewe, aliupiga polepole, kama mtu anayenong’ona. Kinasa kikadhani ni kimya. Kikajizima! Kikaamka watu walipopiga makofi.
Na jana niliapa mbele ya bendi nzima kwamba ninao.

Jumatatu, 14 Julai
Lorna kaniletea nakala yake bila kuombwa. Eti jana aliniona njiani nimekunja uso. Nimesikiliza wimbo ule. Nimelia hadi Greta akanipa taulo la vyombo.
Kisha nikaituma kwa bendi kwa jina langu.

Jumanne, 15 Julai
Simu. Arvid mwenyewe! Kaniambia rekodi ni nzuri mno, amemsikia mkewe ndani yake. Kisha akauliza tangu lini naitwa Lorna Petrakis. Kumbe mwisho kabisa, baada ya makofi, Lorna anataja jina lake, tarehe na mahali. Sikufika huko! Nani husikiliza makofi?
Nikasema samahani, mzee. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 16 Julai
Nimeenda kwa Lorna kuomba radhi. Sikulala nikiwaza matusi atakayonipa. Hakunipa hata moja! Kasema maonyesho yajayo nimshikie mlingoti wa maikrofoni, halafu akaingia jikoni kuchemsha kahawa. Mwanamke mwema kuliko wote Minnesota. Nimeguswa sana.
Mashine yake ilikuwa mezani, bado ina mfumo wa kiwandani, maskini. Nilikuwa na kebo mfukoni, ile ile niliyowekea kinasa changu mfumo huria.
Hajaniomba, lakini atafurahi.