Mkaguzi wa Mitaa Inayokalika

Kila mwizi ana chombo chake cha kazi. Mmoja ana bisibisi, mwingine ana kalamu. Bwana mmoja, ambaye wenzake wa kazi walimwita Asali, alikuwa na ulimi tu. Ulimi huo ulikuwa umemlisha, umemvisha, na umemhamisha miji kumi na mmoja, mara nyingi kwa kupitia dirishani.

Asubuhi moja alikuwa kituo cha mabasi, mguu juu ya kisanduku cha mpiga kiwi, mfukoni ana nauli ya kumfikisha nusu ya safari yoyote. Kando yake alisimama mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni, watu humwita Mama Nyumba, na alikuwa anamlalamikia mpiga kiwi kana kwamba yule ndiye serikali, bila hata kumtupia jicho mteja.

"Nimewaona kwa macho yangu! Wageni saba wameshuka basi. Wakachungulia Mtaa wa Nyuma, wakachungulia Mtaa wa Mbele, halafu wote saba haooo, Mtaa wa Mbele. Kwani sisi wa Nyuma tuna upele?"

"Labda vitanda vyako, mama," alisema mpiga kiwi bila kuinua kichwa.

"Vitanda vyangu vina nini? Vina magodoro mapya tangu... Vina magodoro!"

Asali akateremsha mguu taratibu. Alikwishauza dawa ya kurefusha wafupi. Alikwishauza kisima kilichokauka, na kwa mnunuzi yuleyule akauza ndoo. Lakini hadi asubuhi ile hakuwahi kutambua kwamba binadamu hubeba kidonda kimoja kisichopona, yaani kuambiwa kwamba kwao hakuvutii. Kidonda cha namna hiyo, akawaza, hakitaki dawa. Kinataka mkaguzi.

Baada ya siku mbili, mtu mwenye suti ya kahawia na kitambulisho kifuani aliingia Mtaa wa Nyuma. Mtaa huu uliitwa hivyo kwa sababu ulikuwa nyuma ya soko, na kwa kweli soko lilikuwa limeugeuzia kisogo. Mtaro ulikuwa wazi tangu mwanzo hadi mwisho. Choo cha umma kilikuwa na nusu ya mlango, nusu ya chini. Kinyozi na Muuza nyama, ambao maduka yao yanagusana, walikuwa hawajasemeshana miaka mitatu kwa sababu ya kibao kimoja kilichofunika kingine.

Mtu wa suti ya kahawia hakumsemesha mtu. Alipima mtaro kwa futi, akatikisa kichwa, akaandika. Akapima kivuli cha ukuta wa bucha, akatikisa kichwa, akaandika. Alipofika chooni hakupima kitu. Aliandika ukurasa mzima. Hakuna jambo linalokusanya watu upesi kama mtu anayeandika bila kusema anaandika nini.

"Mheshimiwa," alianza Kinyozi, "tumekosa nini?"

"Siruhusiwi kusema."

"Basi sema kidogo."

Asali akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti hadi watu wa mwisho wakalazimika kusogea. "Baraza la Miji Inayokalika limeanza mashindano. Mtaa utakaoshinda utawekewa lami, na kila Jumamosi utaletewa basi zima la wageni. Mimi ni mkaguzi wa siri. Tafadhali, isijulikane."

Ndani ya nusu saa ilijulikana hadi kwa wauza mkaa wa upande wa pili wa soko.

Mama Nyumba alimfuata na bahasha. "Chai kidogo tu, mheshimiwa."

Asali alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Mama! Unataka nifungwe? Mimi rushwa sijawahi kuigusa, na nimezeeka bila kuijua harufu yake." Akaiacha aibu imtafune mama wa watu vya kutosha, ndipo akaongeza kwa upole, "Ila ipo ada halali ya kusajiliwa. Hiyo ina risiti."

Risiti zilikuwa na mhuri mkubwa wa duara usiosomeka, na mhuri usiosomeka ndio unaoheshimiwa zaidi. Kila mwenye duka alitoa. Wengine walitoa mara mbili ili waandikwe juu. Fedha zote ziliingia katika mkoba mweusi ambao Asali alikula nao, akalala nao, na kwenda nao chooni licha ya hali ya mlango. Angeweza kuondoka jioni ileile. Lakini Mama Nyumba alikuwa amempa chumba cha bure na milo mitatu kwa siku, na mafundi matofali wa mwisho wa mtaa walikuwa hawajachangia. Akatangaza kwamba ukaguzi ni wa wiki nzima.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemuuliza swali la maana. Huyo ni fundi cherehani, mjane mdogo wa umbo, aitwaye Bi Sindano kwa sababu alizungumza huku pini zimemjaa midomoni.

"Mheshimiwa, mtaa unaokalika ndio upi hasa? Tuambie, tuufuate."

Asali alikuwa amejitayarisha kwa maswali ya lami, si hilo. Kwa kuwa hakuwa na uongo karibu, ukweli ukamtoka.

"Wenye benchi kivulini, ukae usiulizwe unanunua nini. Wenye maji ya kunywa. Wenye choo cha mlango mzima. Na ukiuliza njia, usalimiwe kwanza, kisha uambiwe ukweli."

Bi Sindano akazitoa pini midomoni. "Hayo tu?"

"Hayo tu," alisema Asali, naye akashangaa, maana katika miji kumi na mmoja hakuwa ameyapata yote manne mahali pamoja.

Siku zile zilizofuata, Mtaa wa Nyuma ulishikwa na wazimu wa heshima. Seremala alitoa mbao za jeneza ambalo mteja wake alipona, akatengeneza benchi. Choo kikapata mlango, juu na chini. Mama Nyumba aliweka ndoo ya maji yaliyochemshwa barazani, na vikombe vitatu vilivyofungwa kwa mnyororo, kwa kuwa ukarimu una mipaka. Muuza nyama, mtu wa uso wa jiwe, alijifunza kutabasamu. Mteja wa kwanza kuliona tabasamu hilo aliacha nyama na chenji. Hata hivyo, siku ya nne alimwambia Kinyozi "habari za asubuhi", na Kinyozi akajikata kidole kwa mshtuko, akajibu "nzuri, jirani."

Na wageni wakaanza kuja kweli. Hawakuletwa na basi la Baraza. Walikuwa watu wa kawaida waliochoka na mizigo, waliotaka kukaa kidogo, nao walipokaa wakanyolewa, wakanunua, wakalala.

Siku ya sita, kifungo cha koti la Asali kilishindwa na milo mitatu kikaruka. Akampelekea Bi Sindano koti, akasahau kilichomo ndani yake. Fundi hodari hupapasa nguo kabla ya kuishona, asije akavunja sindano. Bi Sindano alipapasa, akakuta mfuko wa siri, na ndani ya mfuko vitambulisho sita: Mkaguzi wa Visima, Daktari wa Mifugo, Katibu wa Wasioona, na vingine. Sura ilikuwa moja, masharubu yalibadilika.

Aliwaita wawili tu, Mama Nyumba na Kinyozi, ambaye alikuwa ndugu wa marehemu mumewe. Akafunga mlango.

"Nipeni wembe," alisema Kinyozi. "Sitaki mengine. Wembe tu."

"Shemeji, kaa chini."

"Nikae vipi? Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia!"

"Asubuhi hii nani amefagia mbele ya bucha?"

Kinyozi akatazama viatu vyake. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jana Muuza nyama alifagia kwangu."

"Haya. Tukimpeleka polisi leo, kesho kila mtu atajua alifagia kwa ajili ya tapeli. Nani atashika ufagio tena? Wewe utamsalimia jirani yako?"

Kinyozi akakaa chini. Mama Nyumba alichezea funguo zake. "Vyumba vyangu vyote vina watu tangu Jumatano," alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakujua anayo. "Vyote sita. Jamani, sijapata kuona."

"Basi tunautaka mkoba," alisema Bi Sindano, "na uongo wenyewe pia tunautaka. Vyote viwili vibaki hapa."

Kesho yake asubuhi alimrudishia Asali koti lake, kifungo kimekazwa, mfuko wa siri umejaa kama ulivyokuja. Akamsaidia kulivaa, akamnong'oneza:

"Mheshimiwa, wenye maduka wa Mtaa wa Mbele wamesikia habari zako, wivu unawaua. Wamechanga mara tatu ya zetu. Wanakungoja saa nne, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nisingekwambia, ila nina ndugu huko. Tena wana wasiwasi."

"Wasiwasi gani?"

"Wanasema tapeli haachani na mkoba wake. Mkaguzi wa kweli humwachia mwenyeji wake, akachukua risiti, akaja mikono mitupu. Ndivyo watakavyokutambua."

Ilibaki kidogo Asali acheke. Watu hawa walikuwa wanamfundisha namna ya kuonekana mwaminifu! Aliufunga mkoba kwa kufuli, akamtazama Mama Nyumba, ambaye kila alipomwita mheshimiwa alimwaga chai, akahukumu kwamba mwanamke yule hana uwezo wa kumdanganya hata kuku. Akamkabidhi mkoba, akachukua risiti. Ilikuwa risiti ya kwanza ya kweli kuishika maishani mwake.

Duka la vifaa vya ujenzi la Mtaa wa Mbele halikuwa na ghorofa.

"Juu?" alishangaa mwenye duka. "Juu kuna bati, mzee wangu. Ngazi ile pale, panda."

Asali hakupanda. Alirudi mbio kwa namna ambayo mtu wa umri wake na milo yake hapaswi kukimbia. Alipokata kona alikuta mtaa mzima umejaa barabarani, na kabla hajavuta pumzi Muuza nyama alimnyanyua mabegani kama paja la ng'ombe.

"Huyu ndiye mtu!" alinguruma. "Ada yote ameirudisha kwa mtaa!"

Mikokoteni mitatu ilikuwa inaingia. Wa kwanza ulibeba tangi jipya la maji, wa pili saruji, wa tatu mifuniko ya mtaro. Mama Nyumba alikuwa amesimama juu ya benchi, mkoba mtupu mkononi, kufuli yake imefunguliwa kwa mmoja wa funguo zile za kiunoni.

"Alinikabidhi kwa mkono wake huu!" aliwaambia watu. "Akasema, mama, fedha hizi si zangu wala za Baraza, ni za mtaa. Nikamuuliza, zote, mheshimiwa? Akasema zote. Nikalia!" Na kweli alikuwa analia, machozi manene, tena bila kumwaga kitu.

Asali alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu alipoota meno, hakikutoa neno. Angesema nini? Kwamba yeye si mtu mwema?

Walipomteremsha, Bi Sindano alimwita dukani kwake apimwe suti ya shukrani. Juu ya meza ya kukatia vilikuwa vimepangwa vitambulisho sita kama karata. Asali akapapasa koti. Mfuko wa siri ulikuwa na vipande sita vya kadibodi.

"Hapa kwenye mifugo ndipo ulipopendeza," alisema Bi Sindano.

"Unataka nini, bibi?"

"Matokeo. Watu wanangoja."

"Hayo tu? Nawapa nafasi ya kwanza sasa hivi, nijiendee zangu."

"Ukiwapa ya kwanza watalala. Wape ya pili."

Asali alimtazama kama mpiga ngoma wa mtaani anavyomtazama aliyezaliwa na ngoma mkononi. Kisha akatoka, akapanda juu ya benchi.

"Ndugu zangu! Baraza limepima, likapima tena. Mtaa wa Nyuma umekuwa wa pili!"

Kelele zikapasuka.

"Wa pili? Wa kwanza nani?"

"Mtaa wa Mbele."

"Wale?" alifoka Kinyozi, ambaye alijua kila kitu na bado moyo ulimuuma. "Wale hawana hata benchi!"

"Tumezidiwa wapi?" Muuza nyama alimshika Asali koti. "Taja sehemu moja. Moja tu!"

Asali akamtupia jicho Bi Sindano. Bi Sindano akaelekeza pini upande wa choo.

"Mlango," alisema Asali. "Unalia ukifunguliwa."

Muuza nyama na Kinyozi wakatazamana. Mmoja akakimbilia mafuta ya mashine ya kunyolea, mwingine mafuta ya mnyama, wakafika chooni bega kwa bega wakigombea bawaba. Wengine walichukua fagio, wengine koleo, na mtu mmoja aliyekuwa hana la kufanya akaanza kuwasalimia wapita njia kwa hasira.

Asali alishuka, akajipangusa suruali, akamsogelea Bi Sindano. "Nimemaliza. Nipe karatasi zangu na nauli."

"Hicho cha kifuani kinakutosha. Hivi sita vitakaa kwangu, kwenye kopo la vifungo, hadi hapo polisi watakapovihitaji, au wasivihitaji. Na nauli ya kwenda wapi? Ukaguzi wa marudio unaanza Jumatatu."

Mama Nyumba, ambaye machozi yake yalikwishakauka, alichomoa ufunguo mmoja kiunoni akamwekea mkononi.

"Namba sita, mheshimiwa. Ni chumba chako kilekile; mgeni wa bure ametoka leo. Ila kuanzia sasa unalipa kama wenzako."